Ndago bustanini: mwongozo kamili wa kuipunguza hadi ikose nguvu

Umepalilia Jumamosi, ukajinyoosha mgongo, ukatazama matuta yako yakiwa safi. Jumatano unapita kumwagilia, unakuta vichipukizi vya kijani vimesimama kati ya mchicha kama sindano. Hiyo ni ndago. Mchicha pori ukiung'oa umeung'oa, na kishona nguo ukikiwahi kabla hakijazaa umemalizana nacho. Ndago unaing'oa leo, kesho kutwa iko pale pale, na imekuja na wenzake.

Usijione mzembe. Mwaka 1977 wataalamu walipoorodhesha magugu yanayowatesa wakulima kuliko yote duniani, ndago ndiyo waliyoiweka namba moja. Ilikuwa imeripotiwa katika nchi zaidi ya 90 na katika mazao zaidi ya 50. Wenye mashamba makubwa na matrekta inawashinda, seuze mtu mwenye jembe moja na matuta sita nyuma ya nyumba.

Kwangu, pembezoni mwa Dar es Salaam, udongo ni wa kichanga, na miaka ya mwanzo sikuwa nayo kabisa. Nikanunua tripu moja ya udongo mweusi ili kuinua matuta. Ulikuwa udongo mzuri kweli, unanukia mboji. Wiki tatu baadaye tuta la bamia lilikuwa limefunikwa na zulia la kijani ambalo sikulipanda mimi. Mwaka mzima wa kwanza niliupoteza kwa kulima na kulima tena, na kila nilipolima iliongezeka. Mwaka wa pili nilianza upya kwa njia ninayoieleza hapa, na sasa palizi ya tuta moja inanichukua muda wa chai kuchemka.

Hakikisha kwanza ni ndago

Watu wengi huiita nyasi, lakini si nyasi. Chukua shina linalobeba ua, lishike chini kidogo ya ua, liviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la nyasi linaviringika kwa ulaini kwa sababu ni la mviringo. La ndago linakwama, utahisi kona tatu kwenye ngozi. Majani nayo yanatoka kwenye pande tatu, yanang'aa, na kila moja lina mfereji katikati. Ua ni la rangi ya kahawia iliyokolea, linaelekea zambarau.

Sasa chimba, usivute. Ukivuta utasikia "tik" ndogo, shina linakatika juu tu ya kitako chake, na wewe unabaki na majani mkononi ukidhani umeshinda. Ingiza uma au beleshi pembeni, inua tonge zima, lipasue polepole kwa mikono. Utaona kamba nyembamba ngumu kama waya, na kwenye kamba hiyo viazi vidogo vyeusi vyenye nywele, vimefuatana kama shanga za tasbihi. La kwanza nililochimba kwa uangalifu lilikuwa na viazi saba kwenye kamba moja, na kamba yenyewe ilikuwa bado inaendelea chini ya tuta la jirani. Kata kimoja: ndani ni cheupe, kina harufu kali inayofanana na kafuri, na kina uchungu.

Ukikuta ua la manjano, na kiazi kimoja kimoja kwenye ncha ya kila mzizi badala ya kufuatana, na ukikionja ni kitamu, huyo ni ndugu yake. Anadhibitiwa kwa njia zilezile, isipokuwa ni rahisi zaidi kumchimba.

Kwa nini jembe peke yake linaizidisha

Fikiria kibubu cha mtoto kilichofukiwa ardhini. Kila jani linaloona jua ni mkono unaotia hela kwenye kibubu hicho. Kila mara chipukizi jipya linapotoka, hela zinatolewa ili kulijenga. Kazi yako yote ni kuhakikisha zinatolewa tu, haziingizwi. Ukilielewa hilo, hatua zote zinazofuata utaweza kuzipanga mwenyewe hata kama mazingira yako ni tofauti na yangu.

Jembe likipita mara moja linafanya kinyume. Viazi vilivyo kwenye kamba moja havichipui vyote kwa pamoja. Kile cha mbele ndicho kinachotoa majani, na kinavizuia vya nyuma visiamke. Ukiikata kamba vipande saba, kizuizi kimeondoka, na kila kipande kinakuwa mmea unaojitegemea. Halafu jembe hilohilo, reki, toroli na viatu vyako vinavibeba viazi hivyo hadi kwenye matuta ambayo yalikuwa safi.

Kulima si kosa. Kosa ni kulima ukaondoka. Huko Alabama, Marekani, katika miaka ya 1930 watafiti walilima shamba lenye ndago kila baada ya wiki tatu kwa misimu miwili, na ndago ikaisha nguvu. Jembe lilikuwa lilelile la kawaida, tofauti ilikuwa kwamba hawakulipa gugu nafasi ya kupumua.

Viazi vingi vinakaa kwenye sentimita 15 za juu, vingine vinashuka hadi 30 na zaidi. Kimoja kinaweza kuchipua tena mara kumi na zaidi baada ya kukatwa, kila mara kwa nguvu pungufu, na kile kilicholala kinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa kikiwa hai. Kwa hiyo anayekuahidi kuimaliza ndago kwa wiki mbili, mwambie asante na uendelee na kazi yako.

Hatua ya kwanza: tenga eneo

Kabla hujagusa kitu, zunguka bustani nzima asubuhi, siku tatu au nne baada ya mvua au baada ya kumwagilia vizuri. Wakati huo ndago imechipua na mimea mingine bado mifupi, kwa hiyo inaonekana wazi. Chomeka vijiti kuzunguka kila sehemu uliyoiona. Mimi nilitumia vijiti vya mhogo vikavu, navyo vikanionyesha kitu ambacho sikukijua: nusu ya bustani ilikuwa bado salama.

Tangu siku hiyo, kazi inaanzia upande safi na kuishia upande wenye ndago, kamwe si kinyume chake. Ukimaliza, kwangua udongo kwenye jembe na suuza nyayo za mabuti pale pale, usivuke nao. Usitoe miche, udongo wala samadi kutoka sehemu iliyochafuka kwenda nyingine. Kama unamtumia kijana wa kukulimia, mwonyeshe vijiti na umweleze sababu, maana yeye anakuja na jembe lililotoka kwenye bustani ya mtu mwingine.

Halafu amua kila sehemu utaitibu kwa njia gani kati ya hizi zinazofuata. Sehemu ndogo, kama ukubwa wa mkeka mmoja au miwili, chimba. Tuta ambalo unaweza kuliacha bila zao kwa miezi kadhaa, funika. Matuta ambayo lazima yakulishe, fuata ratiba ya siku 14 pamoja na kivuli.

Hatua ya pili: kuchimba na kukausha

Hii ni kazi ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba kwa sisi wa pwani, wakati jua linatusaidia na mvua haiviamshi tena viazi ulivyovitoa. Wa nyanda za juu nao wachague miezi yao mikavu.

Mwagia eneo maji kidogo siku moja kabla. Udongo mkavu kabisa unakatika na kamba inabaki chini. Uliolowa sana unashikamana na viazi huvioni. Unatakiwa uwe kama wa kupandia miche, ukiufinya unashikana na ukiugusa unaachana. Anza nje ya vijiti kwa hatua moja, kwa sababu kamba zimeshavuka pale unapoona majani. Tumia uma wa bustani ukiweza kuupata, kwa kuwa beleshi linakata kamba na uma unaziinua. Shuka hadi sentimita 30. Kila tonge lipasue kwa mikono juu ya chekeche.

Chekeche langu ni fremu ya mbao iliyopigiliwa waya wenye matundu madogo, chini ya sentimita moja. Waya wa kuku wa kawaida una matundu makubwa mno, viazi vinapita. Kichanga kinachekecheka haraka. Mfinyanzi ni mateso, na mwenye udongo wa mfinyanzi namshauri aruke hatua hii aende kwenye kufunika.

Ulichokitoa usikimwage kwenye shimo la mboji. Mboji ya nyumbani haipati joto la kuviua viazi hivi. Inavilea, kisha unavirudisha mwenyewe kwenye tuta vikiwa vimenona. Usivitupe mtaroni wala nyuma ya ukuta wa jirani, mvua itavirudisha. Vitandaze kwenye bati au sakafu ya saruji, vikae juani wiki mbili, uvigeuze kila baada ya siku chache, na uvifunike kwa nailoni mvua ikitisha. Kisha vunja vichache. Kikivunjika kama kijiti kikavu kimekufa. Kikiwa cheupe na kina unyevu ndani, bado kina uhai, ongeza siku. Vikishakauka vyote, choma.

Hutavipata vyote. Hakuna anayevipata vyote. Ukishasawazisha eneo, mwagilia bila kupanda chochote kwa wiki tatu. Vilivyobaki vitajionyesha, na hao wachache utawafuata mmoja mmoja kwa uma.

Hatua ya tatu: kufunika

Hapa watu wengi hupoteza hela kwa kununua nailoni nyeusi. Ncha ya ndago ni kali kama msumari, inaitoboa nailoni na kutoka juu yake, na ukija kuikunjua unaiacha ikiwa chujio. Maboksi ya karatasi ngumu yanafanya vizuri zaidi. Ncha ikigonga kitu kinene chenye unyevu inapinda, inatafuta upenyo, inakosa, na wakati wote huo inakula akiba.

Omba maboksi makubwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme au samani. Bandua plasta zote na toa pini. Fyeka ndago karibu na udongo, lowesha ardhi vizuri, kisha tandaza maboksi tabaka mbili au tatu. Kila boksi lipande juu ya mwenzake kwa shibiri moja, na lizidi ukingo wa tuta kwa shibiri mbili. Yaloweshe yalale. Juu yake weka matandazo ya sentimita 10 hadi 15: majani makavu ya migomba, pumba za mpunga, nyasi zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu. Acha msimu mzima.

Adui wa maboksi huku kwetu ni mchwa. Kwangu tabaka moja lilikuwa limekwisha kuliwa ndani ya wiki sita, ndiyo maana nasema mbili au tatu. Kila wiki inua pembe moja ukague. Ukikuta tobo, weka kiraka siku hiyohiyo. Kagua zaidi kwenye maungio na kingo, kwa sababu ndago inatembea kuelekea kwenye mwanga na hapo ndipo itatokea. Inayotokea ukingoni ikate mara tu unapoiona, la sivyo jani moja la nje litailisha kamba yote iliyo gizani.

Kama unayo nailoni angavu isiyo na matobo, tumia miezi ya Januari na Februari, jua linapochoma kweli. Sawazisha udongo, umwagilie hadi maji yashuke chini, utandaze nailoni ikiwa imegusana na udongo, ufukie kingo zote ili hewa ya moto isitoke. Wiki sita. Chini ya nailoni angavu chipukizi linaona mwanga, linadhani limeshafika nje na kukunjua majani, hivyo linapoteza ule ukali wa ncha na kuungua humo ndani. Viazi vya juu vitaiva. Vya chini kabisa vitabaki, hivyo hata baada ya hapo ratiba ifuatayo inakuhusu.

Hatua ya nne: siku 14

Hii ndiyo hatua inayoimaliza ndago. Zote zilizotangulia zinapunguza kazi yake tu.

Chipukizi jipya, katika siku zake za kwanza, linaishi kwa deni: kila kitu limepewa na kiazi. Likifikisha majani matano au sita linaanza kurudisha, na halichelewi sana kabla halijaanza kutengeneza viazi vipya. Katika joto na mvua, hiyo ni wiki mbili hadi tatu tu. Basi kata kila baada ya siku 14 wakati wa masika na vuli, na unaweza kwenda hadi siku 21 wakati wa kipupwe. Usiende kwa kuangalia kama imekuwa nyingi. Nenda kwa tarehe. Mimi nimezungushia duara tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani jikoni, pale ninapoona kila siku.

Namna ya kukata: tumia kijembe chepesi kilichonolewa, kikipita sentimita mbili au tatu chini ya uso wa udongo, kama mtu anayenyoa. Huchimbi, huvisogezi viazi, unakata shingo. Kati ya mistari ya mboga tumia kisu kikuukuu, ukikate kila kichipukizi chini kidogo ya udongo. Ukikatia juu, jani linaendelea kukua kutoka katikati na umepoteza siku. Fanya asubuhi ya siku ya jua, ili vilivyokatwa vinyauke palepale.

Mara ya kwanza utachoka. Mara ya tatu utaona kama haipungui na utakata tamaa, maana vile vilivyokuwa vimelala vinaamka kwa zamu. Kuanzia mara ya tano au ya sita angalia unene wa vichipukizi: vinakuwa vyembamba, rangi imepauka, vinaachana. Hiyo ndiyo dalili kwamba kibubu kinakauka. Hesabu mwenyewe: kiazi kinachoweza kuchipua mara kumi, ukikikata kila siku 14, ni karibu miezi mitano. Ongeza wale waliochelewa kuamka, unapata misimu miwili ya mvua.

Hatari kubwa ni kuruka zamu moja. Mwaka wa pili nilisafiri kwenye msiba, nikakaa karibu mwezi na nusu. Niliporudi ndago ilikuwa imeshatoa maua, na nililazimika kuanza kuhesabu upya. Siku hizi nikisafiri, nyumbani kuna mtu anayejua tarehe.

Hatua ya tano: kivuli

Ndago ni mmea wa jua. Kivuli kizito kinaidumaza kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo bustani inaweza kujitetea yenyewe huku ikikulisha.

Viazi vitamu ni chaguo langu la kwanza, vya mizizi au vya matembele. Panda marando kwa karibu, sentimita 30 kati ya rando na rando, yafunike ardhi mapema. Palilia mara mbili au tatu kwa ratiba ileile hadi majani yakutane. Baada ya hapo utakuwa unang'oa chache zinazochungulia. Ukivuna matembele chuma huku na huku, usitoe sehemu moja yote, maana kila dirisha la jua unalolifungua ndago italiona. Kunde, maboga na fiwi nayo yanafanya kazi hiyo. Mwenye eneo kubwa kidogo apande marejea, ile mbolea ya kijani iliyoenezwa sana kutoka Peramiho, kusini mwa Tanzania: inakua haraka, inafunga mwanga, na ukiifyeka kabla haijakomaa unapata matandazo.

Kwenye tuta lenye ndago usipande vitunguu, karoti, giligilani wala kitalu cha miche. Majani yao ni membamba, hayatoi kivuli, na kupalilia katikati yake bila kuyang'oa ni kazi ya mchana kutwa. Yape tuta lako safi kabisa.

Na maji pia. Mwagilia shina la zao, usimwagilie njia. Chupa iliyotobolewa kizibo na kufukiwa kichwa chini karibu na mche wa nyanya inampa mche maji na kuwanyima waliobaki.

Kuhusu dawa za kuua magugu

Kwenye matuta ya mboga za kula sioni sababu ya kuzitumia. Kwenye njia, kando ya uzio au kwenye kiwanja kilichoachwa, ninaelewa.

Zenye glaifoseti huua kila kilicho kijani, zao pia. Kwenye ndago hufanya kazi ikiwa imefikisha majani sita au zaidi, inakua kwa afya na haijanyauka kwa kiu, kwa sababu dawa inasafiri kwenda chini pamoja na chakula. Ukifyeka kwanza kisha ukapulizia, umeinyima barabara. Baada ya kupuliza usikate wala kulima kwa siku kumi hivi. Tena inaua viazi vilivyounganishwa na jani hai tu. Vilivyolala havijui kama ulipita, na utarudia. Zipo pia zenye halosalfuroni, ambazo huchagua jamii ya ndago na huachia mahindi na miwa, lakini si za tuta la mchicha.

Nunua iliyosajiliwa tu na wasimamizi wa viuatilifu: Tanzania ni mamlaka ya TPHPA, Kenya ni bodi ya PCPB, na lebo iwe inasomeka. Vaa mabuti, glavu, mikono mirefu na barakoa, pulizia asubuhi kukiwa hakuna upepo. Kamwe usihamishie dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata kwa nusu saa. Watoto hawajui kutofautisha.

Chumvi, dizeli na maji ya betri tafadhali usimwage. Majani yataungua, viazi vitachipua tena, na wewe utabaki na ardhi isiyoota hata kunde. Siki nayo inachoma majani ya juu tu.

Kama ulicho nacho ni sangari

Wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro na nyanda za juu za Kenya huenda mnasema gugu lenu ni tofauti: nyasi kabisa, inatambaa, na chini ina mashina meupe marefu kama mizizi, yenye pingili, yanayopenya hata ndani ya kiazi ulichopanda. Hiyo ni sangari. Haina viazi vya akiba. Akiba yake iko kwenye mashina hayo ya chini, na kila pingili inaweza kuwa mmea.

Kwa hiyo panga na jembe bapa viweke kando. Tumia jembe la uma, fungua udongo ukiwa na unyevu wa wastani, na uvute kwa mkono ukifuata uzi hadi unapoishia, kama anayefumua sweta. Kusanya vipande vyote kwenye kiroba, hata cha urefu wa kidole, vikauke juu ya bati. Kisha chimba mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 30 kando ya uzio unakotokea, na uusafishe kila mwezi, kwa kuwa sangari ya jirani itavuka tu. Nailoni nyeusi nene, ambayo kwa ndago nimeikataa, kwa sangari inafaa. Iache miezi mitatu au minne.

Na gugu karoti nalitaja kwa haraka kwa sababu ni hatari kwa afya. Liligunduliwa Arusha takriban mwaka 2010, majani yamechanika kama ya karoti, maua ni meupe madogo. Halina akiba ya chini, linaenea kwa mbegu, na mmea mmoja hutoa maelfu mengi. Ling'oe pamoja na mzizi kabla halijatoa maua, ukiwa na glavu na mikono mirefu, kwa sababu linawasha ngozi vibaya na chavua yake inabana kifua. Mwenye pumu asiliguse kabisa.

Kufunga mlango

Ndago haikuanguka kutoka mbinguni. Iliingia na udongo, samadi, miche kwenye viriba, mchanga wa kujengea, au nyasi za kupandikiza. Kabla hujanunua tripu, nenda ukaone inapochotwa. Ukiona majani yanayong'aa ya pande tatu pembeni ya shimo, ondoka.

Ukishaletewa, usiupeleke kwenye matuta siku hiyo. Umwage kwenye saruji au juu ya turubai mbali na bustani. Chota ndoo mbili au tatu kutoka sehemu tofauti za rundo, hasa chini, jaza kwenye beseni pana, mwagilia kila siku na uweke juani. Subiri wiki tatu. Miche ya kununua nayo iweke kando hivyohivyo, na kabla ya kupanda chana kiriba utazame mizizi: uzi mgumu wenye shanga nyeusi ukiuona, toa hapohapo.

Nilifanya hivyo na samadi ya mwisho niliyonunua. Siku ya kumi na mbili beseni lilikuwa na vichipukizi vitatu. Nikaviviringisha kwenye vidole vilipotoa shina, pembe tatu. Rundo lote nililitandaza juu ya turubai likakaa juani hadi likawa vumbi, nikalichekecha, na tuta la bilinganya likasubiri mwezi mmoja zaidi.